Sikiliza Waliobaki

Wadogo zangu wa chumba cha mitambo, mliniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nami nimekaa hapa Ngamiani, Tanga, mwezi wa tatu tangu nistaafu, sina kinachoniamsha asubuhi isipokuwa adhana na jogoo wa jirani ambaye saa hazijui. Kwa hiyo naandika. Vyeo nitaviruka, nilipandishwa mara mbili, na mara zote nilichoongezewa ni funguo. Mishahara mnaijua, tusitoneshane vidonda. Nitawasimulia waya, sanduku moja la bati, muziki tuliokuwa tukipimia ukumbi, na majina ya watu. Hasa majina, maana kwa ajili ya majina niligombana na watu, na mwisho nikaaibika mwenyewe.

Nilifika Doha Agosti ya 2003, nikiwa na miaka arobaini na mitano. Tanga nilikuwa fundi redio, na vipaza sauti vya harusi na vya misikiti miwili vilikuwa mikononi mwangu, kwa hiyo nilijiona naijua sauti. Nilipotoka mlango wa uwanja wa ndege nilidhani nimesimama nyuma ya basi lililowashwa injini. Nikasogea pembeni, joto likasogea nami. Tulipangiwa malazi Muaither, na kila asubuhi basi la hoteli iliyotuajiri lilitupeleka West Bay, enzi hizo maghorofa yakiwa bado ya kuhesabika, mchanga katikati yake.

Mkuu wa mitambo alikuwa Mjamaika, Mista Lloyd, mrefu, mkavu, kanizidi miaka mitano hivi. Alitoka kwao akaenda Uingereza, akafanya kazi kwenye meli za watalii, mwisho akaangukia Ghuba kama sisi sote. Kiingereza chake kilinipiga chenga mwezi mzima. Hapa nayaweka maneno yake kwa Kiswahili, na mkiona anaongea kama mtu wa Tanga, kosa ni langu. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe nikitegemea kukalishwa mbele ya miksa, ile meza ya vibonye vya sauti. Akanitupia waya wa maiki wa mita ishirini.

"Kunja."

Nikauzungushia kwenye kiwiko, kama mtu anavyokunja kamba ya kuanikia nguo. Akaunyakua, akaurusha sakafuni, ukajisokota wote.

"Waya unakumbuka," akasema. "Ukiufundisha vibaya leo, kesho utakuaibisha mbele za watu."

Akanionyesha mara moja, duara moja kwa juu, duara la pili kwa chini, akaenda zake. Aliyekaa nami siku tatu nzima mpaka mkono wangu ukashika alikuwa Mnepali mmoja mwenye masharubu, mtu wa makamo, fundi wa waya na ngazi, ambaye sote tulimwita Rafiq. Mnaoijua Doha mnaelewa kwamba hilo si jina lake. Ni vile mji mzima unavyomwita Mnepali, Mhindi au Mbangladeshi yeyote aliyebeba kitu: rafiq njoo, rafiq nenda, rafiq ondoa hii. Nikafuata mkumbo. Alikuwa akichukua waya wangu, anaufungua bila kunilaumu, ananirudishia. Siku ya tatu akautupa sakafuni, ukanyooka mpaka mwisho. Akatabasamu. Nilifurahi kuliko siku niliyopewa cheti.

Kabla ya kila shughuli tulipima ukumbi mkubwa, asubuhi, meza zikiwa bado hazijaingia. Mafundi wengi hupima kwa kuhesabu moja mbili kwenye maiki. Mista Lloyd alikuwa na kaseti moja, karatasi yake imekwisha kufutika. Aliipiga kwa sauti kubwa, kisha sote watatu tukatembea ukumbini tukitafuta kinachotetemeka. Besi ile ilikuwa haifichwi kitu: kioo kilicholegea, kifuniko cha kiyoyozi, skrubu ya taa. Rafiq ndiye aliyekuwa na masikio makali zaidi. Alisimama chini ya tundu la kiyoyozi, akainua kidole, "Bosi, hada mafi zen," hii siyo nzuri, na tayari ngazi iko begani.

Mimi nilichoshindwa kuelewa ni ule muziki wenyewe. Rege nilikuwa naijua, kwetu nani asiyeijua? Kwangu rege ilikuwa mwimbaji, nywele zake, na maneno ya kudai haki. Mngeniuliza nani anapiga besi ningewajibu, mpiga besi. Sasa kwenye kaseti hii mwimbaji anaanza vizuri, anaimba mstari mmoja, halafu anakatika katikati ya neno. Kinabaki mwangwi wa lile neno, ukienda ukipungua, na chini yake besi na dramu zinaendelea na safari.

"Kaseti imeharibika?" nikauliza.

"Haijaharibika."

"Sasa mwimbaji kaenda wapi?"

"Katoka nje kupunga hewa," Mista Lloyd akasema. "Atarudi. Wewe sikiliza waliobaki."

Ndivyo alivyoanza kunifundisha, na alifundisha kwa kuondoa. Leo sikiliza mguu wa dramu tu: pigo la kwanza wanaliacha wazi, mguu unakuja kuanguka la tatu, ndiyo maana mwili wako unaning'inia kidogo kabla ya kutua. Kesho sikiliza gita tu, lile linalokata fupi fupi katikati ya mapigo. Kesho kutwa kinanda, kinachochemka chini ya gita kama uji, hukisikii mpaka kizimwe. Akanieleza kwamba hiyo ndiyo dub. Fundi wa studio anachukua wimbo uliokwisha kurekodiwa, anaufungua upya kwenye miksa, anamtoa mwimbaji, anamrudishia neno moja, anazima gita, anaacha besi peke yake ukumbini. Mara nyingi iliwekwa upande wa pili wa santuri, kama kitu cha kujazia nafasi. Lakini kwao Jamaika watu kwenye madisko ya uwanjani waligeuza santuri wakataka upande huo huo. Hakuna aliyepiga chombo kipya pale. Aliyepiga ni fundi, na chombo chake ni miksa. Wadogo zangu, nilikuwa na miaka ishirini ya kazi, na ndiyo kwanza naambiwa kwamba kazi yetu nayo ni muziki. Nilikwenda chooni nikalia kidogo, sioni haya kusema.

Kisha nikalewa sifa. Mwaka uliofuata tulikuwa na mkutano wa wahandisi. Asubuhi, wakati wa kupima, nikacheza na maiki ya msemaji, naitupa sauti yangu kwenye mwangwi, nakata, narudisha, najiona niko studio. Nikasahau kufunga. Mgeni rasmi akapanda jukwaani, akatoa salamu, na ukumbi ukamwitikia mara nne kabla watu hawajaitikia mara moja. Mista Lloyd alinyoosha mkono juu ya bega langu akafunga kibonye. Kwa mudir, meneja wetu, alisema kosa ni lake, yeye ndiye aliyepanga mitambo. Kwangu mimi alisema, "Mwangwi ni chumvi. Leo umetia kwenye chai." Nikakunja waya na Rafiq mwezi mzima. Tangu siku ile, kabla msemaji hajapanda, mimi hupitisha kidole kwenye kila kibonye cha mwangwi, na nanyi mfanye hivyo hivyo hata kama mna kompyuta inayowafanyia.

Sasa sanduku. Kwenye rafu ya juu ya chumba chetu palikuwa na sanduku la bati, refu, mnaloliona mpaka leo, na ndani yake springi mbili zimetandazwa. Ukipitisha sauti upande mmoja, inatoka upande wa pili imelowa, kana kwamba mtu anaimba ndani ya tangi la maji. Hotelini hatukulitumia. Mista Lloyd alilishusha siku ambazo hatukuwa na shughuli, akaliunganisha na miksa, akapiga nyimbo zake na kuzikata. Na kila mara, kabla ya kumrudisha mwimbaji, alilibisha hilo sanduku kwa kifundo cha kidole: ko, ko. Springi zikagongana, ikatoka radi. Mara mbili tu, ya pili ikichelewa kidogo kuliko unavyotegemea. Nilimwuliza kwa nini. Akasema mtu harudishwi ndani bila hodi.

Penye geti la kupokelea mizigo alilinda Mkenya mmoja, Otieno, kutoka Nairobi. Otieno alikuwa mgonjwa wa rege. Aliishi Fereej Bin Mahmoud, chumba kimoja na wenzake watatu, na chini ya kitanda chake palikuwa na santuri nyingi kuliko nguo. Ijumaa, siku ya mapumziko ya huko, yeye hutoka kanisani, mimi natoka msikitini, tunakutana kwake, tunanunua karak, chai yao ya maziwa, pale chini, tunapanda. Ijumaa moja ya 2008 akatoa santuri ya dub aliyoletewa na ndugu yake kutoka London.

"Buda, hii ngoma ni noma," akasema. "Uskize hii besi. Usiongee."

Mwimbaji akakatika, gita likatoka, besi ikabaki peke yake kwa muda. Halafu nikasikia: ko, ko. Ya pili imechelewa kidogo. Mwimbaji akarudi.

Nikasimama. "Rudisha nyuma, Otieno."

"Nini mbaya?"

"Rudisha. Namjua mwenye mkono huo."

Tukarudia mara sita. Kwenye kava palikuwa na picha ya mtu mnene mwenye miwani ya jua, tajiri mwenye studio, na jina lake limeandikwa mara tatu: kama mtunzi, kama mtayarishaji, na kama fundi. Hapakuwa na jina lingine hata moja. Hata mwimbaji hakutajwa.

Jumamosi nikaingia na lile kava chini ya koti. Mista Lloyd alikuwa anakunja waya na Rafiq. Nikaliweka juu ya miksa. Alilitazama, mikono yake ikaendelea kukunja mpaka waya ukaisha, ndipo akasema, "Nilikuwa na miaka ishirini na miwili." Tajiri alikuwa amesafiri. Mista Lloyd alikuwa fundi mdogo, kazi yake kulehemu nyaya na kufagia, akapewa funguo ili afunge milango. Hakufunga. Kwa siku nne alitengeneza dub kumi, na tajiri aliporudi akazisikiliza, akasema zinafaa, na kwamba majina yanajaza kava. "Mimi nilidhani," Mista Lloyd akasema, "kwamba kuna kava lingine litakuja."

Nilikasirika kwa niaba yake, na hasira yangu ilikuwa na nguvu kuliko ya kwake, maana yeye alikuwa amekwisha kuizoea. Ndiyo maana mwaka uliofuata, Otieno aliposoma mtandaoni kwamba kampuni moja ya Ulaya inaitoa upya santuri ile, na inaomba yeyote mwenye habari za waliorekodi ajitokeze, sikulala na habari ile. Otieno akaandika kwa Kiingereza chake kizuri, mimi nikasimama nyuma yake nikiongeza chumvi. Wakatujibu kwa adabu: tuwaletee maelezo ya fundi mwenyewe, nani alifanya nini, ndani ya miezi mitatu, kabla kava halijaenda kuchapwa.

Mista Lloyd akakataa. Siku tatu nilimfuata kama deni. Siku ya nne akakubali, kwa sharti moja.

"Wote au hakuna," akasema. "Nikiandikwa mimi, waandikwe wote waliokuwemo chumbani."

"Vizuri. Wataje."

Akawataja, Rafiq akituwekea vikombe vya chai mezani, mimi nikiandika nyuma ya ratiba ya harusi. Mwimbaji. Mpiga besi, aliyekuwa kinyozi. Mpiga dramu. Mpiga gita. Miss Ivy wa kinanda, mwanamke wa kanisani aliyekuja studio kwa siri ili mchungaji asijue, na ndiye huo uji unaochemka chini. Yeye mwenyewe wa sita. Kisha akalitazama sanduku la bati juu ya rafu.

"Na aliyetengeneza springi," akasema. "La studio alilitengeneza yeye kwa bati la biskuti na springi za kitanda. Hili hapa nimeiga lake. Bila yeye mimi ni mtu anayezima na kuwasha swichi."

"Anaitwa nani?"

Jina hakulijua. Alikuwa amekula naye mchana miaka minne, nyuma ya studio, juu ya kreti za soda. Kila mtu alimwita Fundi, naye akamwita Fundi. Mista Lloyd hakuwa mtu wa kubadilika uso, lakini siku ile nilimwona akiwa mzee.

Nikafanya kosa. Nikamwambia, "Basi huyo mmoja tumwache. Sita wanatosha, na muda unakwenda."

Akanigeukia polepole. "Bakari," akasema, na ilikuwa nadra kuniita kwa jina, "unajua ni nani mwingine aliyesema hivyo? Mwenye miwani kwenye kava."

Siku mbili hatukusemezana. Rafiq akawa ndiye mjumbe wetu, anapeleka maiki, analeta majibu. Siku ya tatu nikaenda nikanunua kadi za simu, nikaziweka juu ya miksa bila neno, na Mista Lloyd akaanza kupiga. Alipiga kwao kila asubuhi kabla ya kupima ukumbi, wiki saba. Kinyozi amekufa. Mpiga dramu yuko Marekani, hamkumbuki. Mpiga gita alikata simu. Sisi wengine tukawa tunauliza tukifika kazini, badala ya salamu, "Fundi kapatikana?" Chumba kizima kikawa kinamtafuta mtu mmoja aliyekuwa akiokota springi za vitanda Kingston miaka thelathini iliyopita.

Aliyempata ni Miss Ivy. Alikuwa hai, bado anapiga kinanda kanisani. Alikumbuka kwa sababu ndiye aliyepiga siku ya mazishi ya Fundi, na mchungaji alilisoma jina lote kwenye karatasi, jina ambalo nusu ya waliokuja kuzika walikuwa hawajapata kulisikia. Mista Lloyd alisimama katikati ya chumba, simu sikioni, akalirudia kwa sauti kubwa ili mimi niandike: "Hezekiah Dunmore." Akalirudia tena. Wiki nzima tulilitamka, tukipima ukumbi, tukifunga maiki, kama watu waliojifunza neno jipya la lugha. Otieno alilipigia kelele kutoka getini, "Hezekiah Dunmore, fungua geti!" kwa kila gari la mizigo.

Santuri ilikuja mwaka uliofuata. Nyuma ya kava, chini, kwa herufi ndogo, majina saba, kila moja na kazi yake. Mista Lloyd alivaa miwani akasoma, akapitisha kidole juu ya lile la mwisho, akasema "sawa," akarudi kazini. Baadaye nilimkuta amesimama peke yake katikati ya ukumbi mtupu, kaseti yake inapiga, mikono ameiweka nyuma. Nikarudisha mlango taratibu. Mwaka 2012 umri wake wa kibali ukaisha, akarudi kwao. Aliniachia kaseti, sanduku, na funguo.

Miaka yangu ya ukuu wa chumba nitaifupisha, mliokuwepo mnaijua. Dijitali iliingia, miksa ikawa skrini, nanyi mkanicheka mlipoona bado nashusha sanduku la bati. Mji ulikua mpaka nikapotea kwenda mahali nilipokuwa nakwenda kwa miguu. Rafiq alihamishwa 2013, wakati kampuni yake iliyokuwa ikitukodishia wafanyakazi ilipompeleka kwingine. Nilimpa mkono pale getini, nikamwambia "rafiq, tutaonana," nikarudi kupima ukumbi. Miaka kumi tulifanya kazi pamoja, na niliagana naye kwa dakika moja.

Mwaka wangu wa mwisho, 2018, nikaamua kuwaachia kitu. Nikafungua mlango wa kabati la waya, upande wa ndani, nikachukua kalamu ya wino mzito, nianze kuandika jina la kila mtu aliyewahi kufanya kazi katika chumba kile. Nilijivuna, nasema ukweli. Nilikuwa nimefundishwa na Mista Lloyd, na nilijiona ndiye mlinzi wa majina. Nikaandika Lloyd, jina lake lote. Nikaandika Wafilipino wawili waliopita kabla yenu. Nikaandika Otieno kwa heshima, ingawa alikuwa wa getini. Nikaja kwa mtu aliyenifundisha kukunja waya.

Kalamu ikasimama. Nilitafuta kichwani kama mtu anayepapasa mfukoni akijua funguo hazimo. Wiki saba zile tunamtafuta Fundi wa Kingston, aliyekuwa akituwekea chai mezani ni yeye. Tuliposema wote au hakuna, yeye alikuwemo chumbani. Nilikaa juu ya boksi la maiki, na aibu iliyonishika sijapata kushikwa nayo tena.

Ofisi ya hoteli haikuwa na rekodi, maana hakuwa wao. Kampuni yake ilikuwa imekwisha kubadili jina. Nilibakiwa na majuma matano ya kibali. Otieno wakati huo alikuwa dereva, akanitazama nilipomweleza, akasema, "Maze, hata mimi nilikuwa namwita tu rafiq. Hii ni aibu yetu sote. Ingia kwa gari." Ijumaa ya kwanza tulizunguka malazi ya wafanyakazi tukiuliza Mnepali mwenye masharubu, fundi wa waya. Mkijua Wanepali wangapi Doha wana masharubu, mtajua tulivyochekwa. Ijumaa ya pili tukapewa namba ya simu isiyofanya kazi. Otieno akasema labda alisharudi kwao. Nikamwambia kama amerudi kwao nitakwenda na huko. Ijumaa ya tatu mpishi mmoja wa Muaither akasema kuna mtu kama huyo kule Lusail, kwenye ukumbi mpya, anasimamia stoo ya waya.

Tulimkuta mchana, nyuma ya ukumbi ule, ameketi kivulini, masharubu yamekuwa meupe. Mbele yake waya umekunjwa mviringo ambao ningeutambua popote. Akasimama haraka.

"Bosi! Kuna tatizo?"

"Lipo," nikasema. "Nimekuja kukuuliza jina lako."

Alimtazama Otieno, akanitazama mimi, akacheka, halafu akaacha kucheka. Kwa Kiingereza chetu kile cha kuokoteza akasema, "Miaka kumi, bosi. Leo unauliza?"

"Leo. Nimechelewa. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alikaa tena, akaniwekea nafasi kwenye boksi. Akauliza habari za Mista Lloyd. Nikamwambia yuko kwao, anaumwa magoti. Akauliza ile santuri kama ninayo bado.

"Ninayo."

"Na ile jina ya mwisho ipo?" akasema. "Hezekiah Dunmore. Wa springi."

Otieno aligeuka akatazama upande wa barabara. Miaka tisa ilikuwa imepita, na mtu huyu alikuwa amelihifadhi jina la Mjamaika aliyekwisha kufa, asiyepata kumwona, kwa sababu alitusikia sisi tukisema ni dhambi kulisahau.

Nikampa kalamu na kijitabu, nikamwambia aandike mwenyewe nisije nikakosea. Aliandika kwa herufi kubwa, polepole, akanirudishia, kisha akanitaka nisome kwa sauti. Nikasoma. Akanisahihisha mara mbili.

Wadogo zangu, jina hilo liko upande wa ndani wa mlango wa kabati la waya, la pili kutoka juu, nililibana chini ya Lloyd, juu ya wale Wafilipino: Harka Bahadur Gurung. Kesho asubuhi kabla ya kupima ukumbi, fungueni mlango mlisome. Wakija kupaka rangi, lirudisheni. Na yule anayewaletea ngazi sasa hivi, kabla hamjaendelea kusoma karatasi hii, nendeni mkamwulize anaitwa nani.